Mwanangu hakuwa na lengelenge hata moja

Watu wakisikia hepesi, ugonjwa wa virusi, wanafikiria malengelenge. Mwanangu ngozi yake ilikuwa safi kabisa, na hilo ndilo lililotuchelewesha.

Alikuwa na siku 11. Tangu asubuhi ni kulala tu. Nikimpa titi ananyonya mara mbili tatu, mdomo unateleza, maziwa yanatiririka mpaka gauni linalowa na yeye hana habari. Mama mkwe akasema, "Mwache apumzike, kichanga kazi yake kulala." Homa hakuwa nayo, miguu ilikuwa ya baridi. Jioni mkono wake wa kushoto ukaanza kuchezacheza. Nikaushika. Ukaendelea kucheza ndani ya kiganja changu. Degedege.

Daktari alitoa maji ya uti wa mgongo yakapimwe, ila dawa hakuisubirisha majibu. Usiku uleule asiklovia, dawa ya kupambana na virusi vya hepesi, ikaanza kupitia mshipani, kila baada ya saa 8. Namshukuru mpaka leo. Majibu yakaja: virusi vya hepesi vimefika kwenye ubongo. Siku 21 za dripu. Zingekuwa 14 kama vingeishia kwenye ngozi, macho au mdomo. Mishipa ya mikono ilipogoma wakahamia kichwani, nikawa nanyonyesha huku nimeikinga kanula, kile kimrija cha dripu, isiguswe. Kila nepi ilipimwa kwenye mizani kujua anakojoa kiasi gani, maana dawa hiyo huweza kuumiza figo.

Kilichoniuma zaidi ni swali la "umeutoa wapi?" Mimi sijawahi kuona kidonda mwilini mwangu! Daktari aliniambia kina mama wengi wa watoto hawa hawakujua kama wana virusi. Hatari kubwa ni mama anapoambukizwa kwa mara ya kwanza ujauzito ukiwa umekaribia mwisho, kwa sababu mwili haujawahi kutengeneza kinga ya kumpa mtoto. Na wapo wanaoambukizwa baada ya kuzaliwa, kwa busu la mtu mwenye vidonda vya homa mdomoni. Kwa hiyo jamani, mzazi akiwaomba msimbusu mtoto wake, msinune.

Sasa ana miezi 5. Anakunywa asiklovia ya maji mara 3 kwa siku, tiba ya miezi 6 baada ya dripu, na damu yake inapimwa mara kwa mara. Mkono wa kushoto bado mzito kushika vitu. Tunamfanyisha mazoezi kila asubuhi, mimi na baba yake, kwa zamu.