Saa mbili za kufundishwa kutoonea watu

Jumapili usiku

Hapa California cheo kinakuja na funguo, simu ya kazini na darasa la lazima. Tangu nipewe uongozi wa zamu kwenye nyumba hii ya kutunzia wazee, HR, yaani ofisi ya utumishi, walikuwa wananikumbusha: msimamizi mpya lazima asome ndani ya miezi sita tangu apande cheo, kwa muda wa saa mbili kamili, kisha arudie kila baada ya miaka miwili. Zamani lilikuwa somo la unyanyasaji wa kijinsia tu, kwa sheria ya mwaka 2004. Miaka kumi baadaye wabunge wa jimbo wakaongeza kwamba wasimamizi wafundishwe pia uonevu wa kazini kwa jumla, ule ambao mtu anakufanyia maisha magumu hata kama haugusi jinsia yako wala rangi yako. Hilo likaanza Januari 2015 kwa waajiri wenye watu 50 na zaidi. Mwaka 2018 wakashusha idadi hadi watu 5, na wafanyakazi wa kawaida nao wakapangiwa saa yao moja.

Leo nimemaliza la kwangu. Unasoma kwenye kompyuta, na huwezi kupeleka video mbele. Saa mbili ni saa mbili. Kuna ofisi safi, meza ndefu, bosi mwenye tai anamfokea binti mbele ya wenzake, binti anainamisha kichwa. Kisha swali: je, huu ni uonevu? Hata mtoto wa chekechea angepata.

Sisi tunaobeba boksi, yaani vibarua vya ughaibuni, kwenye nyumba za wazee tunajua kwamba hakuna anayefoka. Kufoka kunasikika hadi kwa familia za wazee, na kamera zipo kila korido. Anayetaka kukukomoa anatumia ratiba.

Nieleze kwa wasiojua kazi hii. Asubuhi kila msaidizi anapewa orodha ya wazee wake. Wapo wazee wanaojiendea wenyewe hadi bafuni, unachohitaji ni kuwachungulia tu. Wapo wasioweza hata kugeuka kitandani, hao tunawanyanyua kwa mashine, na kanuni ya mashine ile ni watu wawili. Sasa ukimchukia mtu, mpe wote wa mashine. Akiita wa pili aje kumsaidia, kila mmoja ana kazi mkononi: huyu anapanga mashuka, yule ndiyo kwanza ameenda mapumziko. Ana njia mbili. Amnyanyue mzee peke yake, avunje kanuni, na akimwangusha kibarua kimeota nyasi. Au asubiri, mzee akae na nepi iliyolowa, kisha yeye aandikwe kuwa ni mzito wa kazi. Jioni anaondoka mgongo ukimuuma na barua ya onyo mkononi, wala hakuna tusi lililotamkwa.

Kuna na mengine. Unaingia zamu, anayetoka hakuambii kwamba bibi wa chumba cha mwisho amebadilishiwa chakula tangu jana usiku, unakuja kulijua wakati kijiko kiko njiani. Sikukuu zote unazipata wewe. Ukiingia chumba cha kulia maongezi yanahamia lugha usiyoijua. Lolote kati ya hayo ukilipeleka ofisini peke yake, utaonekana una gubu.

Kwa hiyo nilikuwa nasikiliza nusu nusu mpaka walipofika kwenye maneno ya sheria yenyewe. Kwa maelezo yangu, inasema hivi: ni mwenendo wa nia mbaya ambao mtu mwenye akili zake angeuona ni wa uhasama au wa kuudhi, na hauhusiani na maslahi halali ya biashara. Halafu inataja mifano: matusi ya kurudiarudia, vitisho, kudhalilisha, na kuhujumu kazi ya mtu bila sababu. Hapo kwenye hujuma nikakaa sawa. Inasema pia kwamba tendo moja halitoshi, isipokuwa liwe baya kupindukia. Mwanzoni kifungu hicho kiliniudhi, kinasikika kama ruhusa ya kuonea mara moja bure. Nilipofikiri zaidi nikaona kwamba kwa uonevu wa ratiba kinatufaa, maana ratiba inarudia kila wiki na karatasi zake zimo kwenye faili. Ukizipanga kwa tarehe zinaongea zenyewe.

Ukisomea kwenye kompyuta unayo haki ya kuuliza swali na kujibiwa ndani ya siku mbili za kazi. Sijui wangapi huitumia. Mimi niliposoma sehemu ya kwanza wiki iliyopita niliuliza: kiongozi akimpangia mtu yuleyule wazee wote wa mashine wiki hadi wiki, ni uonevu au ni utawala? Jibu likaja fupi: inategemea kama kuna sababu ya kikazi, na kama ipo, iandikwe. Jibu la mwanasheria hilo. Lakini nimelipenda, kwa sababu chuki ni ngumu kuiandika kwenye fomu kama sababu.

Kilichonishangaza zaidi kiko mwishoni mwa somo, na wanakisema bila aibu: uonevu wa aina hii, usipofungamana na rangi, dini, jinsia, umri, ulemavu au sifa nyingine zinazolindwa, wenyewe haujakatazwa na sheria za jimbo. Mwajiri analazimishwa kuufundisha, halazimishwi kuuacha. Puerto Rico waliupiga marufuku moja kwa moja mwaka 2020, na Sweden walikuwa na kanuni yake tangu 1993. Mwenzangu mmoja kutoka Kisumu anasema darasa hili ni la kumkinga tajiri tu, akishtakiwa atoe cheti na kusema nilifundisha. Ana haki ya kusema hivyo. Vyeti vyetu kweli vinatunzwa kwenye faili kwa miaka miwili.

Bado sitaki lifutwe. Mwonevu halimbadilishi, huyo alikuwa anajua tangu zamani anachokifanya. Linawagusa waliokuwa wanatazama. Somo la serikali linatolewa kwa Kiingereza, Kihispania, Kichina, Kikorea, Kivietinamu na Kitagalog. Akina mama wa Kifilipino wa kwetu walilisoma kwa Kitagalog, na siku tatu mfululizo walikuwa wanalijadili jikoni, huku wakitaja majina. Kiswahili hakimo. Yupo dada mmoja wa Kikongo, mgeni kidogo hapa, alibonyeza bonyeza Kiingereza hadi cheti kikatoka. Nikakaa naye mapumziko nikamweleza. Akanisikiliza, akaniuliza, “Yaya, sasa ile ya mimi kutumika kila Noeli, njo hiyo?” Kwao yaya ni dada, kutumika ni kufanya kazi, na njo ni ndiyo.

Nimetoa ratiba za aliyenitangulia. Njo hiyo.

Kuanzia wiki hii wazee wa mashine wanazunguka, na jina la mtu wa pili linaandikwa ubaoni asubuhi, ili asiwepo wa kusema hakujua. Wawili wameshanuna. Wanune.

Mdogo wangu yuko Arusha, hotelini, na msimamizi wake humsimanga mbele ya wageni. Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya nyumbani, ya mwaka 2004, inahesabu unyanyasaji kuwa ni ubaguzi, na orodha yake ni ndefu: kabila, dini, jinsia, ujauzito, hata hadhi ya mtu kimaisha. Ila kama huku, ni lazima ufungamane na kimojawapo, na haikuweka saa za darasa kwa bosi yeyote. Mdogo wangu anataka kuacha kazi. Nikampigia kumwambia asiandike barua ya “nimeamua kwa hiari yangu”, kwa sababu sheria hiyohiyo inamhesabu aliyeondoka baada ya mwajiri kuifanya kazi isivumilike kuwa ameachishwa, na anaweza kwenda CMA, Tume ya Usuluhishi na Uamuzi, ila ndani ya siku 30.

“Dada, na siku zote za kesi nitakula nini?”

Sikuwa na la kumjibu kwenye hilo. Nikamwambia aanze na daftari: tarehe, saa, maneno yenyewe, nani alikuwepo. Akasema daftari analo tangu Pasaka. Amenitumia picha za kurasa zake, nyingine hazisomeki vizuri, nimemwomba azipige tena mchana kwenye mwanga.