Matanga Yangu Mwenyewe Chini ya Mlima

Kushuka hadi mji wa vibwengo kulinichukua siku nne, na katika siku hizo sina la kusimulia isipokuwa kwamba njia zao zimechimbwa kwa kimo cha watu wasionifika kiunoni, hivyo nilifika nikiwa nimepinda kama ndoana.

Nilipanga chumba kwa bibi mmoja mjane, mfua chuma, kwa vipande 3 vya chumvi kwa usiku mmoja. Huo niliuona ni wizi wa mchana, ijapokuwa huko mchana haupo, kwa sababu kitanda kilikuwa jiwe, blanketi lilinuka popo, na tone la maji lilinidondokea kwenye paji la uso usiku kucha. Nilipolalamika, bibi alinieleza kwa fahari kwamba matone ya namna hiyo ndiyo yaliyosimamisha nguzo za ukumbi wake, tangu kabla ya bibi wa bibi yake kuzaliwa, na kwamba ingekuwa adabu nikisogeza kichwa.

Mlangoni pake, kama milangoni pa nyumba zote, ilining'inia kamba yenye mafundo mengi. Nilidhani ni pambo.

Baada ya kulala usiku tisa niliamua kuondoka. Nililelewa nikiambiwa kwamba dawa ya deni ni kulipa, kwa hiyo nilihesabu vipande 27 mara tatu, bila kimoja kuzidi wala kupungua, nikavipanga mezani mbele ya mwenyeji wangu. Bibi alivitazama kwa muda mrefu, akaenda mlangoni, akafungua fundo moja kwenye ile kamba, akajipaka majivu usoni, kisha akaangua kilio ambacho sijapata kusikia mfano wake. Majirani walimiminika, wakaketi sakafuni na kuanza kunililia, wakitaja wema wangu, ambao kwa kweli ulikuwa haba: kwamba nilikuwa mrefu, na kwamba nilikoroma vizuri. Niliuliza kuna nini, nikapaza sauti, nikamshika mmoja bega. Hakuna aliyenitazama, kwani maiti hajibiwi.

Aliyeniokoa ni mtoto wa jirani, ambaye hajafikia umri wa kufunga fundo lake la kwanza na kwa hiyo miiko ya matanga haimbani. Alininong'oneza kwamba kwao anayelipa chote ni anayekufa. Aliyeazima kibaba cha unga hurudisha kibaba na konzi moja juu, ili sasa adaiwe yule aliyeazimisha, naye baadaye atazidisha au atapunguza, na kamba ya nyumba hizi mbili haifunguki hadi mmoja wao azikwe.

“Sasa nifanye nini?” nilimwuliza.

“Omba kitu.”

Nilipiga magoti mbele ya bibi nikasema, “Mama, naomba uniazime sindano.” Kilio kilikatika. Aliinua uso wake wenye majivu, akaniuliza nitairudisha lini, nami, kwa kukosa uongo wa haraka, nikasema sijui. Vigelegele vilipigwa hadi popo wakaruka darini.

Hapo ndipo niliposomewa gharama za matanga: uyoga, pombe ya mizizi, hata majivu, jumla vipande 40. Nilipotia mkono mfukoni, bibi aliurudisha kwa upole, akaifunga hesabu yote katika fundo jipya kwenye kamba. Vile 27 nilivyolipa hakunirudishia. Alisema mali ya marehemu ina wenyewe.

Katika siku nne za kupanda, huku mgongo ukiniuma na chumvi imeniishia, nilimfikiria kaka yangu. Miaka mitatu iliyopita nilimaliza kumlipa mkopo uliotusumbua kwa muda mrefu. Tulipeana mikono, akaniandikia risiti, na tangu siku hiyo sijui hata kama bado anaishi katika nyumba ile ile. Zamani nilikuwa nikimpitia kila mwisho wa mwezi, nikimpelekea kidogo nilichopata na visingizio vingi, naye alininung'unikia, kisha tukala pamoja.

Risiti hiyo ninayo bado, imekunjwa vizuri. Sindano imeanza kushika kutu. Jana nilimtuma mtu akamtafute kaka, amwulize kama ana ngazi ya kuniazima.