Fyekeo ndilo lililonichagulia trekta

Shamba nililotoka lilikuwa hekta moja na ushei. Kazi zake niliziweza kwa pawatila, toroli na mgongo wangu mwenyewe. Nililohamia ni hekta 12, karibu ekari 30, na kabla hata sijafungua masanduku nilikuwa nimeshalichagua trekta moyoni: jipya, la nguvu za farasi 75, lenye kibanda cha vioo. Ungeniuliza la kazi gani, ningekujibu la kulimia. Ungeendelea kuuliza kulima wapi, na mara ngapi kwa mwaka, ningeanza kukutazama vibaya.

Kilichoniokoa ni ukata. Shamba la zamani lilikaa miezi minane bila mnunuzi, na fedha za trekta zilikuwa zimelala humo. Miezi hiyo niliishi kwa kukodi na kuazima, huku nikiandika daftarini kila kazi iliyotaka mashine: ni kazi gani, eneo lina ukubwa gani, inarudi baada ya muda gani, na nilikwama wapi.

Daftari likaniumbua. Katika hekta 12, zinazolimwa ni mbili tu. Saba ni nyasi, ambazo zikiachwa hunifika kiunoni. Zilizobaki ni kichaka, miti na bonde lenye maji. Halafu kuna njia ya mita 600 kutoka getini hadi nyumbani, ambayo kila mvua kubwa ikipita inazoa kokoto na kuniachia makorongo. Kazi iliyorudi mara nyingi kuliko zote ilikuwa kufyeka. Ikafuata kubeba vitu: kokoto, mbolea, magogo, nguzo. Ya tatu, kutengeneza njia. Kulima, ile kazi niliyotaka kuinunulia farasi 75, kulikuja mkiani, mara moja kwa mwaka.

Nikapiga hesabu ya saa. Chukua upana wa zana kwa mita, zidisha kwa mwendo wa kilomita kwa saa, gawa kwa 10, utapata hekta kwa saa. Kisha toa sehemu moja ya tano kwa ajili ya kugeuza, kupishanisha mistari na kushuka kuondoa matawi. Fyekeo la trekta, yaani mashine ya mapanga inayofungwa nyuma ya trekta kukata nyasi, lenye upana wa mita 1.2, kwa mwendo wa kilomita 5, lingenila karibu saa 15 kumaliza zile hekta saba. La mita 1.5 lingechukua saa 12 hivi. La mita 1.8, saa 10 kasoro. Kwa kazi ya mara moja ningedharau tofauti hiyo, lakini hii inarudi msimu mzima, na anayekaa juu ya kiti ni mimi.

Fyekeo la namna hiyo hutaka takriban farasi 5 kwa kila sentimita 30 za upana. Mita 1.8 ni farasi 30. Na hapa ndipo wengi tunapodanganyika: farasi zilizoandikwa ubavuni mwa trekta ni za injini. Zinazofika kwenye PTO, ile shafti ya nyuma inayozungusha zana, ni pungufu, kwa kawaida kwa asilimia 10 hadi 20. Injini ya farasi 40 hunipa nyuma kama 34. Basi hapo nilikuwa nimeshapata jibu: trekta la farasi 40, si 75. Kwenye kichaka kinene nafyeka nusu ya upana, polepole, na linaweza.

Kulima nikaamua kukodi. Plau ya diski tatu kwa kawaida huvutwa na trekta la farasi 60 hadi 75, na hekta zangu mbili humalizika kwa siku moja. Sikuona sababu ya kununua trekta la siku moja na kulilisha dizeli siku nyingine zote. Isitoshe, kumkodi mwenye plau kulinipa mwalimu wa bure. Mara ya kwanza alipokuja mvua ilikuwa imenyesha siku mbili mfululizo. Alishuka, akachota udongo wa kina cha kiganja, akaufinya, akajaribu kuuvunja kwa kidole gumba. Haukuvunjika, ulibonyea kama udongo wa mfinyanzi.

"Bwana, leo silimi."

"Umeshafika, mzee. Si uanze tu?"

"Nikiingia leo nitakutengenezea sakafu huko chini. Mizizi haitapita, na maji hayatapita. Niite ukikauka."

Akageuza, akaondoka. Nilikasirika kweli siku ile. Alirudi baada ya wiki, udongo ukawa unapukutika nyuma ya diski, na mimi nikawa mpole.

Somo la PTO nililipata kwa njia mbaya zaidi. Niliazima trekta la zamani likiwa na fyekeo lake. Mwenyewe alinionyesha gia, klachi na breki, jambo moja likampita. Nikafyeka vizuri hadi karibu na uzio, nikakanyaga klachi nisimame, trekta likaendelea. Nikakanyaga hadi mwisho. Likaendelea. Breki niliikumbuka nikiwa nimeshalaza nguzo mbili.

Nilifikiri klachi imekufa. Fundi aliyekuja alicheka kwanza, kisha akanieleza. Mapanga ya fyekeo ni chuma kizito, yakishapata kasi hayasimami ghafla. Kwenye matrekta mengi ya zamani PTO hupitia giaboksi ileile ya magurudumu. Ukikanyaga klachi unaitenga injini tu. Mapanga bado yameungana na magurudumu, na nguvu ya mzunguko wake inarudi kinyumenyume kulisukuma trekta. Dawa yake ni klachi ndogo ya njia moja inayovalishwa kwenye shafti, ambayo huruhusu mapanga kuzunguka bila kurudisha nguvu. Dawa iliyo bora ni trekta ambalo PTO yake ina klachi yake. Siku hiyohiyo niliandika daftarini, nikapigia mstari: PTO inayojitegemea, bila hiyo sinunui.

Shamba la zamani lilipouzwa, nilikwenda kutafuta nikiwa na tepu ya kupimia na daftari. Nilianza na fyekeo, si trekta. Muuzaji alishangaa kumwona mtu ananunua mkia kabla ya ng'ombe. Nilitazama unene wa bati la juu, nikatikisa mapanga nisikie kama beringi zimelegea, nikachungulia oili ya giaboksi. Halafu nikapima pini zinazoshikisha zana kwenye trekta. Mikono mitatu ya nyuma ya trekta, inayobeba zana, miwili chini na mmoja juu, ina madaraja. Daraja la kwanza, ambalo ni la matrekta madogo, pini zake za chini ni milimita 22 na ya juu 19. Daraja la pili ni 28 na 25. Fyekeo la kwanza nililolipenda lilikuwa na pini za 28, haziwezi kuingia kwenye matundu ya trekta dogo. Wenzangu wameshabeba zana hadi nyumbani ndipo wakagundua hilo.

Mikono hiyo mitatu, kwa njia, ni kazi ya mhandisi Harry Ferguson wa Ireland, na ilienea sana baada ya kuwekwa kwenye trekta la Ford 9N mwaka 1939. Nilikuwa nadhani ni ya kuning'inizia tu. Kumbe zana ikivutwa ardhini, mkono wa juu unasukumwa mbele na kusaidia kuzuia pua ya trekta isinyanyuke. Ndiyo maana mtu hafungi mnyororo wa kuvutia gogo kwenye mkono huo wa juu, wala kwenye ekseli. Gogo likigoma, trekta linapinduka chali kabla hujaondoa mguu. Mnyororo unafungwa chini kabisa, kwenye chuma cha kuvutia.

Kwenye usalama ndipo nilipokataa trekta zuri. Lilikuwa na injini safi, tairi nzuri, bei ya kupendeza, lakini fremu ya kumkinga dereva ilikuwa imekatwa ili liingie kwenye banda fulani. Sweden iliifanya fremu hiyo kuwa lazima kwa matrekta mapya tangu mwaka 1959, na mimi nina mteremko unaoshuka bondeni. Nililiacha. Nililonunua lina fremu na mkanda, na viwili hivi vinakwenda pamoja: fremu ikiwa imesimama, mkanda unafungwa, ikiwa imelazwa, mkanda haufungwi, maana utakufunga chini ya trekta.

Lenyewe lilikuwa limetumika, la farasi 40, magurudumu yote manne yanavuta. Nilimwomba muuzaji asiliwashe kabla sijafika, nikagusa injini kuhakikisha ni baridi, kwa sababu injini iliyopashwa huficha ugonjwa wa kuwaka. Nilichomoa kijiti cha oili: ikiwa nyeupe kama maziwa, maji yameingia. Nikanyanyua fyekeo, nikazima injini, nikakaa kuzungumza naye robo saa huku jicho liko nyuma. Lilishuka kidogo tu. Lingekuwa limelala chini, ningejua haidroliki, yaani mfumo wa mafuta unaonyanyua mikono, inavujisha. Nikauliza pia linanyanyua kilo ngapi zikiwa sentimita 61 nyuma ya mikono, kwa sababu takwimu inayotangazwa mara nyingi ni ya kwenye ncha za mikono yenyewe, na uzito wa zana hauko hapo, uko nyuma zaidi.

Shafti ya fyekeo ilikuwa ndefu mno. Unaweza usilione hilo zana ikiwa chini. Ukiinyanyua, nafasi inabadilika, shafti inabanwa na kuanza kusukuma giaboksi. Fundi aliikata bomba mbili zote kwa urefu sawa, akahakikisha kwamba hata inapovutika kabisa, zinabaki zimeingiliana angalau theluthi moja. Kifuniko chake cha plastiki kilikuwa kimepasuka, nikanunua kingine siku hiyohiyo. Shafti hiyo huzunguka mara 540 kwa dakika, yaani mara tisa kwa sekunde. Ncha ya shati ikishikwa, hakuna muda wa kusema chochote.

Zana ya pili ilikuwa kijiko cha mbele, na nakiri ndicho nilichokitumia kuliko hata fyekeo. Siku ya tatu tu nilijaza kokoto mbichi, nikanyanyua juu ili nione ninakokwenda, nikasikia kiti kinakuwa chepesi. Gurudumu moja la nyuma lilikuwa linaelea. Nikashusha kijiko taratibu, nikakaa kimya kidogo. Kijiko hudai uzito nyuma, na hubebwa chini, usawa wa magoti. Pipa la lita 200 likijazwa zege lote hukaribia kilo 480. Nilijaza nusu, kama kilo 240, nikapachika vyuma vya kushikia pini kabla zege halijakauka. Sura yake mbaya, na ndicho kifaa cha bei nafuu kuliko vyote nilivyo navyo.

Cha tatu ni bledi ya boksi kwa ajili ya njia: meno mbele ya kuchimbua, ukingo nyuma wa kusawazisha. Mwezi wa kwanza niliifanya njia kuwa mbaya kuliko mvua ilivyowahi kuifanya, mawimbi mawimbi, hadi nilipojifunza kwamba kurefusha au kufupisha mkono wa juu kwa mizunguko michache tu kunageuza bledi kutoka kuchimba kwenda kulainisha. Sasa naacha katikati ya njia pameinuka kidogo, maji yanakwenda pembeni.

Mashine ya kuchimbia mashimo ya nguzo ndiyo nilinunua kwa tamaa. Daftarini haikuwemo. Uzio ulikamilika kwa siku nne na tangu hapo imelala bandani, inakula nafasi, naipaka grisi kwa aibu.

Yule mzee wa plau bado anakuja kila mwaka na trekta lake la farasi 75. Geti langu la mita tatu lilikuwa linambana, ikabidi nilipanue hadi mita 4.2. Anaingia asubuhi, anafinya udongo, ananitazama, na siku akitikisa kichwa, naenda kuchemsha maji.