Kishwara halikuwa tusi

Nilipohamia Pangani kufundisha, kila mti uliochovywa majini kwangu ulikuwa kasia. Sisi wa Dodoma maji mengi tuyajuayo ni ya lambo la ng'ombe.

Mzee mmoja wa Bweni, ng'ambo ya mto, ndiye aliyeanza kuninyoosha. "Mwalimu, nipe kafi hiyo." Nikambebea mti mrefu kunishinda mwenyewe. Alicheka mpaka akakaa chini. Kafi ni fupi, ya mtumbwi. Unaishika kwa mikono miwili, haifungwi popote, na macho yako yanatazama uendako. Kasia ni refu, hufungwa ukingoni mwa chombo, na mvutaji huipa mgongo omo, yaani mbele ya chombo.

Nikamwomba anifundishe kuvuta, maana mashua yake ndogo ilikuwa na makasia mawili. Nilitaabika. Mara bapa lateleza juu ya maji, mara lazama mno, mto unalishika na mpini unanirudia kifuani. Nikadhani nina upungufu wa nguvu, nikaongeza ugali. Na kila nikikosea mzee alisema neno moja tu kwa ukali: "Kishwara!"

Niliamini ni tusi la pwani. Nikameza, nitafanyaje, shikamoo yangu niliitoa kila asubuhi vilevile. Hadi siku nilipomuuliza mwanafunzi wangu mmoja, kwa siri, maana yake. Alijiziba mdomo. "Si tusi, Mwalimu. Ni ile kamba."

Kishwara ni kitanzi cha kamba kinacholishika kasia kwenye kijiti cha ukingoni. Changu kilikuwa cha nailoni, kimelegea. Nilipovuta, kasia lilisafiri kwanza ndani ya kitanzi ndipo likakumbuka kusukuma maji. Jasho langu lote lilikuwa likiishia pale.

Jioni ile nikamfuata mzee na kamba ya usumba, nyuzi za makumbi ya nazi. Akanifanya niiloweke kwanza. Nikaipitisha kijitini, nikaizungushia kasia, nikairudisha kijitini, nikakaza. Akajaribu, akafungua: nimekaza mno, bapa haligeuki. Mara ya pili kasia liliruka. Mara ya nne kidole kilipenya kwa shida kati ya mti na kamba, naye akanyamaza.

Tukasubiri maji yasimame, kwa sababu yakianza kutoka pale mtoni, yanakutoa nawe baharini. Mzee akakaa tezi, nyuma ya chombo, na usukani wake, mimi nikainama, nikanyooka, mikono nimeiacha ifuate mgongo. Kamba ikawa inalia kwi, kwi, kila mvuto sauti ileile. Pangani ilikuwa ikirudi nyuma mbele ya macho yangu, nyumba za kale za forodhani zikipungua, na kwa mara ya kwanza kifua changu hakikupigwa.

Tulipogusa mchanga wa Bweni, mzee akakibinya kishwara kwa kidole gumba.

"Kimekaa."

Kisha akanitupia upo, nikumbe maji ya ngamani, chini kabisa ya mashua.