Kuhama nyumba na mtoto mwenye pumu, tulivyojipanga

Jumamosi ya tarehe 14 Desemba 2024 tumehama, tumetoka Mabibo tumeenda Mbezi Makabe, hapa hapa Dar, na hapa naandika bado nina mabox sebuleni. Kuna mama mmoja tulikua wote mtaani kule ameniuliza tulifanyaje na mtoto nikaona meseji haitotosha, maana huyu wetu wa pili ana pumu, na mwenye mtoto wa hivyo anajua kwamba siku ya kuhama ni siku ya vumbi la miaka yote kuamshwa kwa mpigo, nyuma ya kabati, chini ya kitanda, juu ya feni, kwenye mapazia, lote linapanda hewani na mtoto yupo hapo hapo katikati.

Tulishakosea mara moja. 2019 tunahamia Mabibo alikua na miaka mitatu, tulifunga vitu usiku mmoja tu, chochote kinachoonekana kinaingia kwenye kiroba, na inhela yake ile ya bluu, ile dawa ya kuvuta inayofungua kifua, mtu kaitia kwenye kapu la vyombo. Kapu likakaa chini ya godoro na godoro likakaa chini ya makochi. Saa saba usiku kifua kikaanza kulia filimbi, unajua ile sauti, na umeme ulikua haujaunganishwa kwa hiyo tunatafuta kwa tochi za simu huku baba yake kamkalisha mlangoni apate hewa. Kama dakika arobaini hivi. Tuliikuta ndani ya sufuria la wali. Sijawahi kusahau ile sufuria, na hata sasa nikiambiwa kuna mtu anahama namuuliza kwanza dawa umeziweka wapi.

Sasa mwishoni mwa Oktoba 2024 mama mwenye nyumba akatuita kiungwana kabisa akasema mwanae anarudi, nyumba anaihitaji, mkataba ukiisha Desemba hatoongeza. Haya, tukawa na wiki sita. Na mimi nikamwambia baba watoto safari hii tunatafuta nyumba kwa kifua cha mtoto kwanza, mambo ya tiles na gypsum baadae.

Madalali hawakunielewa. Unatoa hela ya kupelekwa, unafika, yeye anakuonyesha master na jiko la kisasa, mimi naenda kunusa kuta za vyumba vya nyuma. Nagusa ukuta kwa kiganja pale chini karibu na sakafu, kama ni wa baridi na rangi inabanduka vipande ujue maji yanapanda, na panapopanda maji ukungu hauchelewi. Nafungua makabati ya jikoni naangalia mende, maana kinyesi cha mende nacho kinabana kifua, hili wengi hawalijui. Nauliza jirani anapikia nini na moshi unaelekea wapi, nauliza taka zinachomwa siku gani. Nyumba moja ilikua nzuri mno kwa bei yake ila ipo ubavuni mwa barabara ya vumbi, kila bodaboda ikipita ni wingu, nikasema hapana, dalali akanuna na akaniambia dada wewe unatafuta nyumba ya peponi. Nyingine ilikua imepigwa rangi siku hiyo hiyo, ile harufu yenyewe tu mimi mzima ilinikaba.

Hii tuliyoipata ipo ndani ndani, unaacha barabara unashuka kama dakika nane kwa mguu, kuna miti na vyumba vya kulala vina madirisha pande mbili. Nilirudi kuiangalia mara tatu. Mara ya pili nilienda kwa makusudi kesho yake baada ya mvua kubwa ya Novemba, nikaona maji yanapita wapi na kuta zinasemaje. Mara ya tatu nilienda na baba watoto usiku tukapanda bodaboda kutoka pale getini mpaka kituo cha afya cha karibu tukihesabu dakika, afu tukaulizia na njia ya kwenda hospitali ya Mloganzila kama ikibidi. Watu walituona kama tumechanganyikiwa lakini mimi nilitaka nijue hiyo njia kabla siku ya kuihitaji haijafika, sio niijulie mtoto akiwa mgongoni.

Hela sitaficha maana ndo kitu watu wanauliza. Kodi 250,000 kwa mwezi, miezi sita ni 1,500,000, dalali kachukua ya mwezi mmoja 250,000, kenta 120,000, vibarua wanne 40,000, fundi wa kufungua vitanda na kabati 20,000, na kitasa kipya cha mlango mkubwa 45,000 kwa sababu huwezi jua funguo za zamani anazo nani. Jumla 1,975,000 na hapo hujanunua hata pazia. Nilipiga hesabu ya kirikuu, kile kigari kidogo cha mizigo, nikaona ingekua trip tatu, yaani vumbi mara tatu na mizigo inakaa nje inasubiri, bora kenta moja kubwa iondoke na kila kitu. Mkataba tulienda kuugonga muhuri ofisi ya serikali ya mtaa kule kule Makabe, mwenyekiti mpya kabisa, uchaguzi ulikua ndo umetoka kufanyika tarehe 27 Novemba, tukaandikishwa na kujitambulisha siku hiyo hiyo. Shule nayo tulimalizana nayo mapema kabla haijafungwa, tukachukua barua ya uhamisho na namba yake ya PREM, ile ya utambulisho wa mwanafunzi, na mwalimu wa darasa akaniandikia karatasi inayosema huyu mtoto ana pumu na dawa yake anatakiwa aruhusiwe kukaa nayo. Hiyo karatasi nimeitoa kopi mbili.

Kitu kingine nisisahau, Luku, umeme wa kulipia kabla. Nyumba ilikua tupu tangu Agosti kwa hiyo mita yake haikua imeboreshwa kwenye lile zoezi la Tanesco la kuboresha mita lililoisha mwishoni mwa Novemba, tulivyonunua umeme zikaja namba mistari mitatu, kila mmoja tarakimu 20, unaingiza wa kwanza, wa pili, afu ndo wa tatu wenye units. Tulijaribu wiki moja kabla ya kuhamia, na tukakuta kwenye hela yetu imekatwa na kodi ya jengo ya ile miezi nyumba haina mtu, nikaiscreenshot nikamtumia mwenye nyumba kakubali kuikata kwenye kodi ijayo. Hebu fikiria ungeanza kuhangaika na hilo saa mbili usiku una watoto.

Sasa usafi. Jumatano tukaenda mimi na mdogo wangu tukaifanya nyumba nzima kwa tambara bichi, hatukugusa fagio kabisa mana fagio linahamisha vumbi tu kutoka chini kuja puani. Juu ya madirisha, kwenye nyavu za mbu, kwenye panga boi, tukamalizia na kudeki mara mbili, madirisha tukayaacha wazi mchana kutwa. Na watoto Ijumaa jioni wakaenda kwa bibi yao Tegeta. Bibi yao nilimpa mkononi inhela moja, na ile chupa yetu ya maji ya nusu lita iliyotobolewa kitako kwa saizi ya mdomo wa inhela, nesi alitufundisha miaka ile, unachomeka inhela kwenye lile tundu, mtoto anaweka mdomo kule kwenye mdomo wa chupa, unabonyeza mara moja anavuta pumzi taratibu kama mara tano, ndo unabonyeza tena. Nikamwambia mama naomba unionyeshe utakavyofanya. Akanionyesha. Alitaka kukasirika kidogo kwamba namfundisha kulea, ila alinionyesha. Inhela ya pili ilikua kwenye kipochi changu kiunoni, siku nzima sikukivua.

Nataka niseme kuhusu kabati maana hapo ndo palinichoma. Ni kabati la milango mitatu tulitengeneza Keko, zito, tangu liingie chumba cha watoto Mabibo halijawahi kusogezwa, limekaa limeng'ang'ania ukuta miaka mitano. Jumamosi asubuhi fundi akafungua milango, skurubu nikazitia kwenye soksi ya mtoto nikaifunga fundo nikaandika kwa maka peni KABATI, afu vijana wawili wakalivuta. Nyuma yake ukutani kulikua na duara la ukungu, kubwa kama sinia la pilau, jeusi katikati na kijani pembeni, lina unyoya unyoya. Na ubao wa nyuma ya kabati nao umelika hivyo hivyo, ukiugusa unabonyea. Kitanda cha huyu mwenye pumu kilikua hapo hapo, kichwa chake usiku ni kama futi mbili kutoka pale. Miaka yote ile anakohoa alfajiri sisi tunasema baridi, tunasema feni, tumemkataza juisi ya barafu, tumembadilishia mto. Nilikaa chini kwenye sakafu. Baba yake akanyamaza, afu akamwambia fundi huo ubao wa nyuma ng'oa, hauendi na sisi.

Moyo wangu ukabaki na swali zito ila kazi ilikua inasubiri. Kabla hatujafunga mlango nilimpigia mama mwenye nyumba nikamweleza, nikamtumia na picha, kwa sababu mwanae anayekuja ana katoto kachanga. Alishukuru sana, kasema ataita fundi aangalie bomba la bafuni linalopita kwenye ukuta ule.

Mengine yalienda. Makochi tuliyafunika na mashuka ya zamani, magodoro tuliyapiga juani Alhamisi na kuyavalisha nailoni, friji likasimama wima njia nzima na hatukuliwasha mpaka kesho yake ili oili ya kompresa irudi chini. Dereva wa kenta tulimtumia namba ya nyumba, ile ya kibao cha anwani za makazi, akafika bila kuuliza mtu. Kwa Mangi nililipa deni langu la dukani 8,400 tukaagana vizuri, akanipa na box tupu kumi za sabuni alizokua amenitunzia.

Vyumba vya watoto ndo tulivipanga kwanza, kabla hata ya jiko, kitanda, shuka zilizofuliwa, neti, basi, hakuna box hata moja limeingia humo. Jumapili jioni bibi yao akawaleta. Huyu wetu wa pili akaingia chumbani kwake akauliza kabati liko wapi, nikamwambia litakuja likishawekewa mgongo mpya, na likija litakaa mbali na ukuta, mkono wako upite. Akapima na mkono wake hewani akasema hivi? Nikamwambia hivyo hivyo.

Fundi anakuja Jumamosi na hadibodi mpya. Soksi ya skurubu ipo juu ya friji.