Siku ya tisa kambini, na ile nusu ya chapati

Leo nimeamka saa moja kasorobo kabla simu haijalia, na kitu cha kwanza kama kila siku hapa ni vidole. Vinalala vimejikunja kama bado vimeshika kasia na havinyooki vyenyewe, inabidi nivinyooshe kimoja kimoja kwa mkono mwingine, na mkono wa kulia ndo wenye malengelenge mawili yaliyopasuka juzi, basi huo nauchukulia pole pole sana. Nje giza totoro. Januari huku jua halichomozi mpaka kama saa mbili na robo.

Tuko Banyoles, Katalunya, siku ya 9 kati ya 18. Klabu yangu ya Uholanzi hukimbilia huku wakati wa baridi kwa sababu kule kwetu (siku hizi nikisema kwetu hata mimi sijui namaanisha wapi, Uholanzi au Tudor ya Mombasa) mifereji ikianza kuganda huingizi boti majini, boti ya mtu mmoja ni kilo 14 tu na ganda lake jembamba, barafu italichana. Hapa ziwa haligandi, na ni ziwa lenye jina, mashindano ya makasia ya Olimpiki ya Barcelona 1992 yalifanyika hapa hapa. Ila ni dogo jamani. Urefu wake ni kilomita mbili na kidogo, yaani ile njia ya mita 2000 inalimaliza karibu lote, kwa hiyo tukiambiwa asubuhi ni kilomita 20 maana yake ni kwenda na kugeuza, kwenda na kugeuza, mpaka unazijua zile nyumba ndogo za wavuvi zilizojengwa ukingoni moja baada ya nyingine kama majirani.

Leo ukungu ulikuwa mzito, tumengojea ufukweni nusu saa nzima tukirukaruka, kocha amekataa kutuachia mpaka aone boya la tatu. Nimevaa fulana tatu na ile mifuko ya kitambaa inayovishwa juu ya mpini wa kasia, mikono inaingia ndani yake ili ngozi iendelee kushika mpini wenyewe, maana ukivaa glavu huhisi kitu. Matone yaliyorukia vyuma vya pembeni yalikuwa yameganda tulipofika mwisho wa raundi ya pili, vijipira vidogo vya barafu vimepangana kama tasbihi. Niliviangalia sana, sijui kwa nini vilinipendeza hivo.

Watu wakisikia kambi wanafikiria mbio na kelele. Kumbe kazi yote ya baridi ni polepole. Mapigo 18 kwa dakika, wakati kwenye mashindano tunapiga 34, 36. Saa nzima na nusu ya mapigo 18, kila pigo refu, miguu isukume kwanza alafu mgongo alafu mikono, kasia liingie bila kurusha maji, na mapigo ya moyo yasipande. Kila baada ya raundi mbili kocha anasogeza boti lake la injini, anakudunga sikio, anachukua tone la damu anaweka kwenye kimashine kupima lakteti, kitu kinachoongezeka kwenye damu misuli ikifanya kazi kwa nguvu, ikipita 2 anakwambia umekwenda kwa nguvu mno, punguza. Miaka yangu ya mwanzo nilikuwa naona aibu kuambiwa punguza. Sasa nimeelewa kwamba ndo inavojengwa pumzi, kidogo kidogo, kilomita juu ya kilomita, na mwili hauwezi kudanganywa kwenye hilo.

Siku za kawaida baadaye ni uji, kulala, vyuma jimu saa sita, chakula, kulala tena, na saa tisa na nusu maji tena kilomita 14. Hakuna la kusimulia hapo. Tunanuka nguo mbichi mchana kutwa na hita ya chumbani imejaa soksi.

Nilichotaka kuandika hasa ni kuhusu jana usiku. Nilikuwa nimebeba unga kutoka nyumbani, basi kwa vile leo mchana tunapumzika nikawapikia wenzangu chapati, wanane sisi kwenye jiko la watu wawili, nikasukuma mpaka mkono ukauma, wakala wakasifu. Mimi nikachukua yangu, nikaikata katikati, nusu moja nikairudisha kwenye sahani. Sikufikiria. Mkono ulifanya wenyewe. Mwenzangu mmoja akaniangalia akasema, we si umeambiwa ule?

Mimi nimekuwa wa uzito mwepesi tangu nina miaka 19. Kwa wanawake mwisho ni kilo 59, na mkiwa wawili kwenye boti wastani wenu usipite 57. Unapimwa siku ya mashindano, kati ya saa mbili na saa moja kabla ya kuanza, unapanda mizani na nguo zako za mashindano mbele ya refa. Uzito wangu wa kawaida, ule Mungu alionipa, ni kama 62. Kwa hiyo miaka yote hiyo nimeishi nikidaiwa hizo kilo. Nimekimbia na jaketi mbili mwezi wa Julai. Nimetema mate kwenye chupa asubuhi ya mashindano kutoa gramu za mwisho. Eid moja nilikuwa Mombasa, mashindano yamebaki siku tisa, nikala tende tatu nikaondoka kwenye sinia, mamangu hakuniuliza kitu, ila alinifunikia sahani yangu na kawa na ikakaa vile vile mpaka usiku. Hiyo kawa naiona mpaka leo. Na kuna mtu alikuwa akitufundisha zamani, akikupita mezani anakubana nyama ya mkono na vidole viwili bila kusema neno, na mimi nilidhani ndo ukocha.

Alafu ikaisha. Uzito mwepesi uliingia Olimpiki Atlanta 1996 na Paris 2024 ikawa mara ya mwisho. Los Angeles 2028 nafasi yake imechukuliwa na makasia ya ufukweni, mbio za baharini. Nilisoma habari ile nikiwa kwenye treni nikapitiliza kituo. Kwa wiki kadhaa nilikuwa kama niliyefiwa, kwa sababu mwili niliouchonga miaka yote kwa ajili ya kitu kimoja, kile kitu hakipo tena.

Kocha wangu wa sasa ndo aliyenikalisha chini. Akaniuliza, wewe umezaliwa wapi? Nikamwambia, mkondo wa Tudor. Akasema basi, tunakwenda baharini, na kuanzia leo unakula. Sasa nina kilo 64 na anataka 68. Asubuhi bado tunapanda mizani, sote, lakini ni kwa kuangalia kama mtu anapungua kwa uchovu, na nikipanda gramu 300 anacheka na kuandika. Mizani ile ile, na mimi bado nikiikanyaga navuta pumzi nikaze tumbo, kana kwamba tumbo likiingia ndani kilo zinapungua.

Jumamosi tulikwenda ghuba ya Roses kufanya mazoezi ya ufukweni. Kwa asiyejua: unaanzia mchangani, unakimbia mpaka majini, watu wawili wamekushikia boti, unarukia, unapiga kasia mita 250 kwa kupinda kati ya maboya, unageuza, unarudi moja kwa moja mita 250, unaruka unakimbia mpaka mwisho. Boti ni fupi na pana na ina kilo 35, haina uhusiano na kile kisindano changu cha ziwani. Maji yalikuwa ya baridi ya kukata, tramuntana inavuma, ule upepo wao wa kaskazini, na mimi nikafikiria nyumbani saa hii kaskazi ndo imeshika, joto, anga safi. Upepo wa upande mmoja tabia mbili tofauti kabisa.

Raundi ya kwanza niliruka nimechelewa nikagonga muundi kwenye ukingo wa boti. Ya pili nikageuza boya la mwisho wimbi likiwa ubavuni, nikamwagika mzima mzima. Ya tatu nilisimama kidogo nikayaangalia maji. Babu yangu alikuwa mvuvi, na nilipokuwa mdogo alinifundisha kwamba mawimbi hayaji moja moja, yaja kwa makundi, makubwa yakishapita bahari hupumua kidogo, na hapo ndo mtumbwi unatoka. Nikahesabu. Nikaenda kwenye ile pumzi, na nikawapita wote watatu niliokuwa nashindana nao.

Na kuna kitu niligundua kwenye kurudi. Babu alipiga kafi, na mwenye kafi huangalia mbele. Sisi wa makasia tunakwenda kinyumenyume, na nilipomuonyesha video mara ya kwanza aliuliza, huyu mwamba atauona wapi? Sikuwa na jibu. Lakini ukirudi ufukweni uso wako umeelekea bahari kuu, kwa hiyo kila wimbi unaliona linakuja, unaliona linavimba, na unajua pigo gani ukaze ili likubebe. Nililiona moja toka mbali, nikapiga mawili marefu, boti likainuka nyuma na likaanza kuteleza lenyewe, na kwa muda wa kama sekunde nne tano sikupiga kabisa, nimenyanyua makasia tu. Nilipiga kelele. Sijawahi kupiga kelele ndani ya boti miaka kumi na moja.

Leo mchana nimempigia babu. Nikamuelezea yote, boya, wimbi, wale watatu. Akauliza swali moja tu.

"Na huko maji yajaa saa ngapi?"

Nikamwambia babu, bahari hii karibu haijai wala haipwi, ni kidogo mno, huoni.

Akanyamaza mpaka nikadhani laini imekatika.

"Haina bamvua? Haina maji mafu?"

"Haina babu."

"Sasa mwajuaje saa ya kutoka?"

Nikamwambia kocha hupiga filimbi. Akasema hewallah, alafu akaniuliza kama nimekula, na nikamwambia ndio, na ilikuwa kweli, nilikuwa nimesimama jikoni simu begani na ile nusu ya jana mkononi, nimeipasha moto na siagi.