Siku hodari alipofukuzwa darasani

Mwalimu wetu wa fasihi aliingia na insha zetu kwapani, akasimama mbele na kuanza kusoma sentensi ya kwanza ya kila moja bila kutaja mwenyewe. "Liyongo ni hodari." "Liyongo alikuwa hodari, shujaa na mwenye nguvu nyingi." "Mhusika mkuu amechorwa kama mtu hodari." Hakuwa amefika nusu ya rundo darasa likaanza kucheka. Akachukua chaki, akaandika HODARI ubaoni, akalipiga mstari.

"Huyu leo atasubiri nje," akasema. "Nielezeni nguvu za Liyongo bila yeye."

Tulikuwa kidato cha tano, tunasoma Utenzi wa Fumo Liyongo, kisa cha shujaa wa masimulizi ya Waswahili, huu wa Muhammad Kijumwa wa mwaka 1913. Kimya kilichofuata kilikuwa cha watu walionyang'anywa fimbo. Hodari ni neno jepesi kulitumia kwa sababu halidai chochote: mtoto hodari, watoto hodari, mbwa hodari, mpishi hodari, halibadiliki kwa ngeli yoyote. Maana yake nayo ni pana mno, humo mna nguvu, ujasiri, bidii na ustadi. Ni kama kanzu ya kuazima, kila mtu inamwenea na hakuna inayemkaa sawasawa. Ukisema Liyongo ni hodari na kuishia hapo, hujamtofautisha na huyo mpishi.

Aliyevunja kimya alikuwa msichana wa kiti cha nyuma ambaye kwa kawaida hakusema neno. Aliomba asome pale Liyongo anapokutana na Wagala, kama utenzi unavyowaita Waoromo. Liyongo anapuliza panda, baragumu ya pembe, hadi inapasuka. Kisha anatua mkoba wake na kuanza kutoa vitu: kinu na mchi, jiwe la kusagia, vyungu vya kupikia, hata mafiga. Jiko zima ndani ya mkoba wa mtu mmoja! Wagala wanaingiwa na hofu, na baadaye wanatamani kupata mbegu ya mtu yule katika ukoo wao.

"Sasa," mwalimu akauliza, "nani ametuambia kwamba ana nguvu?"

"Wanaomwogopa," msichana akajibu.

Mwalimu alifurahi waziwazi. Mimi sikuridhika. Nilinyoosha mkono nikamwambia, mbona mshairi mwenyewe anamfananisha shujaa wake na simba na kusema ana zihi? Zihi ni nguvu kwa lugha ya kale. Na mbona wahenga walisema "mwenye nguvu mpishe" bila mkoba wala panda, na methali ikasimama?

"Hapo kwenye methali sifa imeshageuka mtu," akasema. "Humwoni sura, lakini unajua barabara ni yake. Na mshairi wako ametaja zihi, kisha akakuletea kinu na mchi. Wewe umetaja ukaenda kulala."

Watu walicheka sana. Nusu ya kwanza ya jibu lake naikubali mpaka leo, ile ya pili bado nadhani aliongeza chumvi. Sifa tupu ina kazi yake katika utenzi: inamtayarisha msikilizaji, maana utenzi ulitungwa usikilizwe, na sikio linahitaji kuambiwa mapema nani anakuja.

Mjadala uliopamba moto hasa ulikuwa kuhusu wengine. Mvulana mmoja alidai kwamba mwenye nguvu wa kweli ni mama yake Liyongo, aliyeficha tupa ya kukatia minyororo ndani ya mkate, pamoja na Saada, kijakazi aliyeupeleka gerezani. Bila wao misuli yote ile ingeozea kwenye minyororo. Mwingine akachokoza: na mwana wa Liyongo aliyemchoma babaye kitovuni kwa sindano ya shaba akiwa usingizini, naye tumwite hodari? Kelele zikajaa. Hakuna aliyekubali, ingawa mkono wake ndio uliomwangusha ambaye hakuna jeshi lililomweza. Nilichokiona siku ile ni kwamba hodari, pamoja na ulegevu wake wote, lina heshima fulani ndani yake. Mwenye nguvu anaweza kuwa mwovu. Hodari tunamnyima mwovu, hata anaposhinda.

Tuliambiwa tuandike upya kwa aya moja. Mimi nilichagua tupa na mkate, nikapamba kwa kila tamathali niliyoijua. Yule msichana aliandika kuhusu kisima: Liyongo amekwisha kufa, amepiga magoti, mshale uko kwenye upinde, na mji mzima wenye kiu hauthubutu kwenda kuteka maji. Alama zake zilikuwa za juu kuliko zetu sote. Nikalalamika kwamba hakutumia tamathali hata moja, na mwalimu akaniambia nisome tena, safari hii kwa sauti, mbele ya wenzangu.